Forodha, Duane na Gasutamo: Uhakiki wa Kigezo cha Asili katika Kiswahili cha Mpakani

Makala haya yanahakiki mtazamo kwamba neno lenye asili ya Kifaransa halistahili nafasi katika Kiswahili kinachofundishwa Rwanda. Mfano wetu unatoka Mahoko, kituo cha biashara cha Wilaya ya Rubavu, kando ya barabara itokayo Musanze kwenda Gisenyi. Anayevusha mazao kutoka soko la hapo hadi Goma hukutana na shughuli moja yenye majina matatu: kwa Wakongo ni duane, kwa Wanyarwanda ni gasutamo, na vitabuni ni forodha.

Watetezi wa usafi wa lugha hulikataa duane kwa sababu ya Ufaransa wake. Kigezo hicho hakisimami. Gasutamo limetokana na neno la Kiingereza customs, nalo Kiingereza kililikopa kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya desturi. Huko Uingereza maana ilihama: kutoka mazoea, hadi malipo ambayo bwana alizoea kudai, hadi ushuru wa mfalme, kama ule wa sufu wa mwaka 1275. Hivyo anayekimbilia gasutamo ili akikwepe Kifaransa hurudi kulekule alikotoka.

Douane nalo si la Kifaransa tangu mwanzo. Chanzo chake ni neno la Kiajemi lililomaanisha daftari au ofisi, likapitia Kiarabu na Kiitaliano. Neno hilohilo lilitufikia kwa njia ya Kiarabu likawa diwani: mjumbe wa baraza, na pia mkusanyiko wa mashairi. Duane na diwani, basi, ni ndugu. Hata forodha limetoka katika Kiarabu. Asili ikiwa ndiyo hukumu, nalo lifukuzwe.

Suala hili si la wanazuoni pekee. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mama mchuuzi wa vitunguu asiyelijua neno forodha hafikiwi na haki iliyoandikwa kwa neno hilo. Tunapendekeza forodha libaki katika maandishi rasmi, lakini kamusi na matangazo yaliandamanishe na duane na gasutamo, bila kuyaita makosa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika msamiati, hiyo ndiyo iliyotusitiri siku zote.