Ibn Battuta na Kata ya Kisimani

Yapata mwaka 1331, Ibn Battuta, mwanachuoni wa mji wa Tangier, alipanda chombo Mogadishu akashuka na pwani kuelekea Kilwa. Njiani chombo kilitia nanga Mombasa, naye akalala huko usiku mmoja tu. Katika kitabu chake cha safari usiku huo umepewa mistari michache, na ni rahisi msomaji kuipita mbio ili afike Kilwa, penye sultani na ukarimu wake. Haraka hiyo ina hasara.

Mistari ya Mombasa imejaa mambo aonayo mtu atembeaye kwa miguu. Mna ndizi na malimau, na nafaka iletwayo kutoka bara. Mna watu waendao miguu mitupu. Kisha mna visima milangoni mwa misikiti, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba, urefu wake dhiraa moja. Atakaye kuingia huosha miguu, akaifuta juu ya mkeka mnene. Mzaliwa wa pwani hahitaji kufasiriwa: kata aijua, na birika la msikitini alijua.

Kilwa kalamu yabadilika. Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, atawala maelezo yote. Mji wenyewe wasifiwa kwa uzuri, ukisemwa kuwa umejengwa kwa miti. Huenda nyumba nyingi za raia zilikuwa hivyo. Lakini msikiti mkuu ulikuwa wa mawe tangu kabla ya kuzaliwa kwake, na uchimbaji wa Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulifunua Husuni Kubwa, jumba la mawe linalohusishwa na sultani huyo huyo.

Mtetezi atasema kwamba kitabu kilimalizika mwaka 1355, kwa mkono wa mwandishi Ibn Juzayy, miaka zaidi ya ishirini baada ya safari. Ni kweli, ila kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo iliyohifadhi urefu wa mpini wa kata. Tofauti imetokana na mahali alipotazamia: Mombasa aliitazama akiwa kisimani, Kilwa akiwa barazani kwa mfalme. Basi mwanafunzi wa historia asimwamini msafiri kwa jumla, wala asimkanushe kwa jumla. Kila ukurasa na aulize kwanza: hapa msafiri alikuwa amesimama wapi?