Hongera, Mark Chase, Mpanga Ukoo wa Okidi

Okidi zina spishi zipatazo 28,000, na kwa miaka mingi wataalamu walizipanga hasa kwa kutazama maua. Mmarekani Mark Chase, aliyehamia bustani ya Kew, London, mwaka 1992, aliamua kutazama vinasaba. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wapatao 40 walichapisha mti wa ukoo wa mimea ya mbegu, uliojengwa kwa jeni moja tu kutoka spishi karibu 500.

Utamu wa kazi yake nauona zaidi katika Oncidium, okidi za Amerika ya tropiki. Nyingi zina maua ya njano yanayoiga yale ya familia nyingine, ambayo huwapa nyuki mafuta. Nyuki hudanganyika, ua likachavushwa. Wataalamu nao walidanganyika (nyuki angalau ana udhuru, anatafuta riziki): waliona maua yanafanana wakayahesabu ndugu. Vinasaba vikaonyesha kwamba sura hiyo ilizuka zaidi ya mara moja, katika koo tofauti.

Kwa ushahidi huo huo wa vinasaba, leo okidi zimo katika oda moja na kitunguu, shubiri na katani ya Tanga, na vanila ya Bukoba ni okidi halisi.

Wapenzi wa okidi walinung'unika majina waliyoyazoea yalipobadilishwa. Nawaelewa, lakini ushahidi alikuwa nao Chase. Umo katika majuzuu sita ya Genera Orchidacearum, aliyoyahariri na wenzake watatu kati ya 1999 na 2014.