Bafu la Ghorofani Linapovujia Boriti

Dari ikiloa chini ya bafu la ghorofani, dawa ya kwanza huwa silikoni. Fundi anakwangua mwanya kati ya marumaru na ukuta, anapaka, anapokea hela yake, na kwa siku kadhaa dari kweli haidondoshi. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar utulivu huo unadanganya kuliko kwingine, kwa jinsi sakafu zake zilivyojengwa. Boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe zege ya chokaa iliyoshindiliwa. Sakafu ya namna hiyo hunywa maji mengi kabla ya kuyatoa. Tone unaloliona leo huenda ni la watu waliooga juzi, na linadondoka hatua mbili tatu mbali na lilipoingilia, kwani maji yakishafika kwenye boriti huifuata.

Kazi ninayoichambua ilifanywa katika nyumba ya familia, bafu likiwa juu ya chumba cha kulala. Boriti mbili zilikuwa zimeanza kuoza vichwa, pale zinapoingia ukutani, na mwenye nyumba alikwisha kulipia silikoni zaidi ya mara moja. Fundi bomba aliyeitwa safari hii hakushika tindo siku ya kwanza wala ya pili. Kwangu mimi, sehemu ngumu ya kazi ilifanyika siku hizo.

Chini ya bafu maji yana njia tatu za kutorokea, na kila njia ina tabia yake. Bomba la maji safi lina presha muda wote. Likitoboka huvuja usiku na mchana, watu waoge wasioge. Sakafu huvuja maji yanapotapakaa juu yake. Bomba la majitaka huvuja maji yanapopita ndani yake. Kwa hiyo fundi alizungushia doa la dari mstari wa penseli, akaacha koki ya tangi wazi, akakataza bafu lisitumike. Familia ikaoga kwa ndoo chooni chini. Doa halikuvuka mstari, kingo zake zikaanza kukauka: bomba la maji safi halina kosa. Kisha akaingiza mpira wa maji ndani kabisa ya tundu la bafu, sakafu ikiwa kavu, akapitisha maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Kesho yake ukingo wa doa ulikuwa na wekundu. Hata hapo hakuridhika. Alisubiri dari ikauke tena, akaziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akajaza maji kina cha kidole juu ya marumaru na kuyaacha usiku kucha. Hayakupungua. Silikoni yote ile ilikuwa imepakwa mahali pasipovuja.

Ndipo wakabomoa, kwa tindo na nyundo ya mkono. Mashine ingemaliza upesi, lakini mtetemo wake hupasua chokaa na kulegeza mawe yaliyokalia boriti. Walichokuta ni bomba la zamani la chuma cha kusubu, lililoungwa kwa risasi na nyuzi zenye lami. Fundi aligonga bomba polepole kwa ncha ya nyundo kutoka ukutani kuja kwenye tundu. Karibu na ukuta chuma kilitoa mlio mkali. Alipokaribia trapu, lile pindo linalobaki na maji ili kuzuia harufu, mlio ukawa mzito. Akapitisha bisibisi kwenye tumbo la bomba, ikazama. Chuma hiki huanza kuliwa upande wa chini, hasa mteremko ukiwa umepotea na maji ya sabuni yanalala humo bila kuondoka. Juu ya hapo kuna fundi aliyewahi kuchomeka kipande cha PVC ndani ya chuma na kukizungushia saruji. Saruji haishikamani vizuri na plastiki, na plastiki hutanuka kwa maji ya moto, hunywea yakipoa. Maungio ya namna hiyo hayana maisha.

Kuunga kipya na cha zamani kunahitaji kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Kabla ya kukata, bomba la wima lilifungwa vibano ukutani, maana chuma cha kusubu ni kizito na kikiachwa kinaning'inia huvunja maungio ya juu. Kwenye mpaka wa chuma na PVC ilivalishwa soketi ya mpira yenye mikanda isiyoshika kutu, inayokazwa kwa skrubu. Mpira unavumilia plastiki inapotanuka.

Tatizo gumu lilikuwa mteremko. Bomba la milimita 50 linataka kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40, yaani sentimita 3 katika urefu wa mita 1.2, na trapu yenyewe inahitaji kina cha maji cha milimita 50. Unene wa sakafu haukutosha. Wapo mafundi ambao hapo wangechonga boriti kidogo ili bomba lipite, na nyumba nyingi za mji huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, zinadhoofishwa kwa michongo kama hiyo. Boriti ndiyo inayobeba sakafu. Fundi huyu aliinua sakafu ya bafu ikawa na kidaraja cha kupandia. Mama mwenye nyumba hakukipenda. Mimi naona hakukuwa na njia nyingine ya haki.

Kabla ya kufukia aliziba mwisho wa bomba, akalijaza maji hadi usawa wa tundu, akaweka alama na kusubiri. Maungio yalipobaki makavu, yakafuata mchanga, sakafu mpya na tabaka la kuzuia maji lililopandishwa ukutani na kuingizwa kwenye mdomo wa trapu, ili maji yanayopenya kati ya marumaru nayo yapate pa kwenda. Jaribio la kujaza maji lilirudiwa kabla ya marumaru, safari hii kwa saa 24.

Chini kulibaki kazi ya subira. Plasta ya saruji iliyokuwa imepigwa kuficha madoa ilibanduliwa, kwa kuwa ilifungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe na chokaa. Vichwa vya boriti vilivyooza vilikatwa, vipande vipya vya mkoko vikafungwa ubavuni, na dari ikaachwa wazi madirisha yakiwa yamefunguliwa. Kuta nene kiasi hiki huchukua miezi kukauka. Plasta ya chokaa itapigwa zikishakauka, na rangi ya mafuta haitapakwa.