Heko kwa Waashi wa Yazd

Mlango wa nyumba ya zamani mjini Yazd, Iran, una vyuma viwili vya kubishia hodi. Cha wanaume ni kipande kizito chenye mlio mnene. Cha wanawake ni pete, mlio wake mwembamba. Kabla ya kuitikia, waliomo ndani wameshajua nani aende kufungua.

Ukikaribishwa, huingii uani moja kwa moja. Kuna ukumbi mdogo, aghalabu wa pembe nane, uitwao hashti, wenye viti vya kujengea vya kungojea, kisha ujia unaopinda ili macho yasitangulie miguu. Mtu wa Lamu aliyezoea daka, ukumbi wa mlangoni, hatashangaa sana. Zamani mgeni wa biashara aliishia biruni, sehemu ya nje ya nyumba. Andaruni, sehemu ya ndani, ilikuwa ya familia.

Waashi hawa nawavulia kofia: adabu waliijenga kwa udongo, bila kibao cha onyo. Na wenzao wa mji wa Isfahan hawakuwanyima watu mahali pa kukutana. Daraja la Khaju, la mnamo 1650, enzi za Shah Abbas wa Pili, huzuia maji na kuvusha watu, lakini pia ni baraza: jioni wanaume huimba chini ya matao yake, hata mto Zayandeh Rud ukikauka.