Mikono ya Lino Tagliapietra

Kioo kikitoka tanurini hakimngoji mtu. Ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyuka katika joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za sentigredi, na kwenye ncha ya bomba la chuma kinavutika kama asali. Fundi akiacha kulizungusha bomba, kinadondoka. Akichelewa, kinakakamaa, naye hukirudisha motoni kukilainisha na kuanza upya. Kukigusa hawezi. Mfinyanzi huujua udongo kwa vidole. Huyu hukijua kioo kwa rangi yake, kwa uzito anaousikia bombani, na kwa pumzi yake mwenyewe. Sijui ufundi mwingine unaomtaka mtu awe macho namna hiyo.

Lino Tagliapietra aliupenda ufundi huu wa kupuliza kioo tangu utotoni. Alizaliwa mwaka 1934 Murano, Italia, akawa mwanagenzi wa Archimede Seguso akiwa na miaka 11, na alipofika miaka 21 alikwisha kuwa maestro, fundi mkuu. Murano ni kisiwa cha matanuri: mwaka 1291 watawala wa Venice waliamuru yahamishiwe huko kwa kuhofia moto. Mafundi wakaenziwa, lakini kwa karne nyingi walikatazwa kuihama nchi, maana ujuzi wao ulikuwa siri ya dola. Shanga za Venice zilifika hadi pwani yetu. Ufundi wenyewe ulifungiwa kwao.

Mwaka 1979 Lino alikwenda Pilchuck, shule ya vioo iliyoanzishwa na Dale Chihuly na wenzake katika jimbo la Washington, Marekani, akawafundisha vijana yale waliyorithishana Murano kwa kificho. Wapo wa nyumbani waliomlaumu. Mimi namsifu kwa hilo kuliko kwa chombo chochote alichokipuliza. Itazame incalmo: viputo viwili vya kioo hupulizwa kila kimoja kwenye bomba lake, midomo yake ikapanuliwa sawasawa, kisha vikaunganishwa vingali moto. Midomo ikihitilafiana kidogo tu, kazi imeharibika. Mkono mmoja hauiwezi. Mwenzio lazima ajue unalolijua.

Naye Lino alipata kitu kwa Wamarekani, waliokuwa wakijaribu bila woga. Aliacha vyombo vya viwandani akatengeneza kazi zake mwenyewe, zikiwemo mashua ndefu nyembamba za kioo zinazoning'inizwa kwa makundi hewani, na alipita umri wa miaka 80 akiwa bado mbele ya tanuri.