Deni la Mtungaji: Uhakiki wa Sinema ya Seven Psychopaths

Jina la sinema hii laweza kufasiriwa Wendawazimu Saba, lakini tafsiri hiyo haitoshi. Mwendawazimu katika Kiswahili ni mtu aliyepotewa na akili, na wenye moyo humhurumia. Psychopath ni mtu mwenye akili zake timamu ila moyo wake hauna huruma wala majuto. Huua mchana, na usiku akalala usingizi mtamu. Tofauti hii si ya maneno matupu. Sinema nzima imejengwa juu yake, kwa kuwa inauliza ni nani hasa, katika kundi la wauaji wapitao machoni pa watazamaji, asiyejua kujuta.

Mtungaji na mwongozaji wake ni Martin McDonagh, aliyezaliwa London mwaka 1970 kwa wazazi wa Ireland, na ambaye alisifika kwa michezo ya jukwaani kabla ya kuingia katika sinema. Katika The Lieutenant of Inishmore, mchezo ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2001, damu nyingi yamwagika kwa ajili ya paka. Katika Seven Psychopaths, iliyotoka mwaka 2012, yamwagika kwa ajili ya mbwa. Njia yake ni moja siku zote: kumchekesha mtazamaji, kisha kicheko kimkwame kooni.

Habari yenyewe ni hii. Marty, ambaye huchezwa na Colin Farrell, ni mtungaji wa Kiirlandi akaaye Los Angeles. Amepata jina la sinema yake na hakupata kisa. Kalamu imekauka, chupa haikauki. Rafiki yake Billy, achezwaye na Sam Rockwell, ni mwizi wa mbwa. Yeye na mzee Hans, achezwaye na Christopher Walken, huiba mbwa, kisha huwarudisha kwa wenyewe na kupokea zawadi. Siku moja waiba mbwa mdogo aitwaye Bonny, mali ya jambazi Charlie Costello, mtu awezaye kuua binadamu bila kupepesa jicho lakini amliliaye mbwa wake kama mtoto.

Tangu mwanzo mtazamaji aonyeshwa sheria za mchezo huu. Wauaji wawili wa kukodiwa wasimama wakibishana juu ya kumpiga mtu risasi ya jicho, na kwa kuzama katika ubishi hawamwoni mtu aliyefunika uso ajaye nyuma yao. Waanguka, na watazamaji wacheka. Watu wale waliletwa ili wafe, na hakuna awaulizaye habari zao tena.

Lakini Marty ameanza kuchoshwa na kazi ya namna hiyo. Ataka sinema ya wauaji ambayo ndani yake mna upendo na amani, na ambayo sehemu yake ya pili haitakuwa na bastola, ila watu waliokaa jangwani wakizungumza. Billy aona huo ni upuuzi. Wakiwa jangwani kweli, aeleza kando ya moto jinsi mambo yapaswavyo kwisha: makaburini, kwa risasi zisizo na hesabu. Mabishano ya marafiki hawa wawili ni mabishano ya McDonagh na nafsi yake, na hakumpa Marty jina linalofanana na lake bure.

Jibu bora latolewa na Hans. Marty alikuwa na kisa cha Mvietnamu ajaye Marekani kulipiza kisasi cha mauaji ya My Lai ya mwaka 1968, naye hakujua jinsi ya kukimaliza. Hans akimaliza kwa njia isiyotazamiwa: kisasi chote kilikuwa wazo la mwisho la mtawa wa Kibuddha ajichomaye moto barabarani, ambaye aliwaza hasira hiyo yote kisha akaiacha. Picha hiyo yamkumbusha mtazamaji Thich Quang Duc, aliyejichoma Saigon mwaka 1963. Ukihesabu miaka, mauaji yalikuja baada ya moto ule. Lakini mawazo ya mtu anayekufa hayafungwi na kalenda. Hapo sinema yafika kilele chake, na aliyeifikisha ni mzee ambaye mkewe ameuawa na Charlie hospitalini.

Ubora wa pili umewekwa mwishoni kabisa, wakati majina ya wachezaji yameanza kupita na watazamaji wengi wamekwisha kuinuka. Zachariah, mzee abebaye sungura, alimpa Marty kisa cha maisha yake kwa sharti moja: sinema ikitoka, iwe na ujumbe kwa Maggie, mwanamke aliyemwacha na ambaye ataka kumwona tena. Marty alikubali, akasahau. Sasa Zachariah apiga simu kusema kwamba atakuja kumwua. Marty hajitetei, na yule mzee, akisikia uchovu wa sauti ile, amwacha. Ahadi ni deni; na mtungaji aliyetumia majonzi ya mtu akasahau malipo yake amekaribia mno maana ya lile neno la jina la sinema.

Kwa kipimo hicho hicho McDonagh naye ana deni. Hans amwambia Marty kwamba wanawake katika maandishi yake hawana la kusema na wengi huuawa mapema. Ukweli huo wasemwa kwa kinywa cha sinema yenyewe, na watazamaji wacheka. Lakini Angela afa karibu bila kujulikana, na Kaya aonekana kidogo tu kisha auawa katika masimulizi ya Billy. Ni Myra peke yake, mke wa Hans, akaaye mbele ya muuaji wake kwa heshima ya mtu kamili. Kuungama kosa si kulitengeneza. Mtungaji aliyetambua dosari yake akaigeuza mzaha ameomba msamaha huku akiendelea na safari.

Hata hivyo, sinema hii yastahili kutazamwa. Imethubutu kumuuliza mchekeshaji bei ya kicheko chake, na jibu zuri zaidi imempa mzee asiyetaka tena kushika bastola.