Ndoano Imeandikwa 5,000

Mnunuzi wa gari-nyumba huko Marekani akiuliza kama gari litavuta tela, mara nyingi muuzaji humzungusha nyuma na kumwonyesha ndoano. Pale pana kibandiko kinachosema pauni 5,000, yaani kilo 2,268. Mnunuzi hupiga picha, akaenda zake ameridhika. Kibandiko hakidanganyi, ila kinahusu chuma chenyewe tu: mzigo ambao ndoano hiyo inaweza kuuhimili. Kama gari zima linaweza kuuvuta mzigo huo ni habari nyingine, na majibu yake yako kwenye bamba la mlango wa dereva na kwenye kitabu cha chesi. Hupatikana kwa kutoa.

Namba zinazohitajika ni mbili. Ya kwanza ni uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lenyewe likiwa na kila kitu: watu, maji, mafuta, mitungi ya gesi, sufuria na baiskeli za watoto. Ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na kile linachokivuta. Toa ya kwanza katika ya pili, utapata kinachobaki kwa tela siku ambayo gari limejaa. Dereva wa semi aliyezoea mizani ya Vigwaza au Mariakani hahitaji kufundishwa jambo hili. Anayelihitaji ni mtu aliyeendesha gari dogo maisha yake yote, kisha akastaafu na kununua nyumba ya tani tano yenye magurudumu.

Tuanze na Mercedes-Benz Sprinter 3500, chesi iliyobeba magari-nyumba mengi madogo ya dizeli. Uzito wake wa juu ni pauni 11,030, na wa msafara mzima ni pauni 15,250. Kwa kilo ni 5,003 na 6,917. Tofauti yake ni kilo 1,914, ilhali ndoano imeandikwa 2,268. Kilo 354 zimepotea kabla injini haijawashwa, na hakuna aliyevunja sheria yoyote. Jeep Wrangler ya milango minne, ambayo ni kipenzi cha wasafiri hawa, ina kama kilo 1,900 ikiwa tupu. Ifunge chuma cha kuvutia na kifaa cha kukanyaga breki, weka kiti cha mtoto na beleshi la theluji, na umeshapita mpaka. Ukiipandisha juu ya tela la ekseli mbili lenye kilo 900 hivi, hapo hakuna cha kujadili tena.

Wapo wanaojitetea kwamba gari si lazima lijae: ukibeba kidogo, tela linapata zaidi. Kihesabu wana haki. Kimatumizi, nyumba nyingi zilizojengwa juu ya Sprinter zimeshakula sehemu kubwa ya uzito wake kwa makabati, jenereta na ukuta unaosogea nje. Marekani kila gari-nyumba jipya hubandikwa karatasi inayotaja uzito wa watu na mizigo unaoruhusiwa kuongezwa, nayo ndiyo karatasi ya kusoma kabla ya kuangalia mapazia. Watu wanne ni kama kilo 300. Tangi la maji la lita 130 ni kilo 130 nyingine. Gari hujaa upesi sana.

Sasa Ford E-450. Uzito wake wa juu ni pauni 14,500, na wa msafara 22,000: kilo 6,577 na 9,979. Kinachobaki ni kilo 3,402, karibu mara mbili ya Sprinter. Inatumia petroli, ina injini ya V8 ya lita 7.3 iliyochukua nafasi ya V10 ya lita 6.8, na difu yenye uwiano mfupi wa 4.56 kwa 1. Inakunywa mafuta bila haya. Lakini kwa kuvuta imejaliwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: ukipanda daraja, unaweza kupata pungufu. Ford hiyohiyo inatengeneza chesi ya F-53 kwa ajili ya magari-nyumba makubwa yenye sura ya basi, ikiwa na injini ileile ya lita 7.3 iliyopandishwa nguvu. Toleo la pauni 26,000 lina uzito wa msafara wa pauni 30,000. Toa: pauni 4,000, kilo 1,814. Gari kubwa zaidi, la bei kubwa zaidi, lenye injini kali zaidi, linabakiza nusu tu ya kile ambacho E-450 inabakiza. Nguvu iliyoongezeka yote imeshatumika kubeba nyumba. Ndiyo maana napuuza matangazo yanayoanza na nguvu farasi.

Hata hivyo nguvu si porojo, na mlima ndio unaoionyesha. Kwenye barabara tambarare usawa wa bahari, msafara wa tani kumi unaokwenda kilomita 90 kwa saa unahitaji, kwa makadirio yangu, chini kidogo ya nguvu farasi 100 kwenye magurudumu. Karibu gari lolote linaweza. Peleka msafara huohuo kwenye barabara ya I-70 huko Colorado, ambapo handaki la Eisenhower liko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari na mteremko unafika asilimia 7. Sasa kila hatua mbele ni kuinua tani kumi. Kwa kilomita 60 tu kwa saa unahitaji kama nguvu farasi 190. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye hewa nyepesi ya kimo hicho, hivyo farasi 325 wa E-450 wanashuka hadi 220 au pungufu. Giaboksi na difu vikichukua chao, unabaki na zile 190, kanyagio likiwa sakafuni, na malori yanakupita.

Ford wanalijua hilo na wameliandika: kwa injini za petroli, punguza uzito wa msafara kwa asilimia 2 kila futi 1,000 za kimo. Handaki la Eisenhower liko futi 11,158. Hiyo ni takriban moja ya tano, na zile kilo 9,979 zinakuwa kama 8,000. Gari likiwa limejaa, kinachobaki ni kilo 1,400 hivi. Wrangler haimo. Dizeli yenye tabo haipotezi nguvu kiasi hicho kwa sababu inajisukumia hewa, na hapo ndipo Sprinter inapojipatia heshima yake. Lakini zile kilo 1,914 zake haziongezeki kwa kupanda mlima.

Pikapu za Marekani zina kipimo cha pamoja, SAE J2807, kinachotaja barabara ya Davis Dam huko Arizona: kupanda kilomita 18 kwenye joto, kiyoyozi kimewashwa, mwendo usishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Kampuni inayojenga nyumba juu ya chesi hailazimiki kupeleka gari lake kule. Mnunuzi hana budi kujifanyia hesabu.

Kushuka kuna hatari kuliko kupanda, kwa sababu ukipanda ukashindwa unasimama. Ford wanasema wazi kwamba breki za gari zimekadiriwa kwa uzito wa gari lenyewe, si kwa uzito wa msafara, na kwamba chochote kinachovutwa chenye zaidi ya pauni 1,500, kilo 680, kiwe na breki zake. Aliyeshuka mlima Kitonga na mzigo anajua kazi hii hufanywa na gia na injini, breki zikiguswa kwa vipindi. Kwa E-450 maana yake ni kubonyeza kitufe cha hali ya kuvuta ili giaboksi irudi gia ya chini mapema, injini ipige kelele, na dereva aizoee kelele hiyo.

Kuna pia nyenzo ambayo haionekani. Tela la kawaida hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ndoano ikiwa mita 2.4 nyuma ya ekseli, na ekseli zikiachana mita 4.3, kilo 227 kwenye ndoano huongeza kama kilo 350 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa karibu 125 mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na ekseli ya nyuma inapita kiwango huku jumla ya gari ikionekana salama. Gari linalovutwa kwa magurudumu yake manne halina kero hiyo, ndiyo sababu Wrangler inapendwa. Njia ya kuhakikisha ni moja: jaza kila kitu, nenda kwenye mizani ya malori kituo cha mafuta, pima ekseli moja moja.

Kwa familia ya watu wanne inayoishi Denver na kutaka Wrangler huko milimani, mimi ningechukua E-450, nyumba fupi kuliko ile waliyoiota, tangi la maji likiwa tupu hadi wafike kambini. Na siku ya kuvuka handaki, mmoja wao aendeshe Wrangler peke yake, waiunganishe tena Dillon, upande wa pili.